Kununua Utayari: Mwongozo wa Zabuni za Huduma za Uokoaji kwa Fedha za Umma

Ukinunua madawati, unayahesabu yakishushwa kwenye lori. Ukinunua huduma ya uokoaji, sehemu kubwa ya pesa inalipia watu waliokaa wakisubiri simu ambayo huenda isilie usiku kucha. Ndiyo maana zabuni za magari ya wagonjwa, zimamoto, wazamiaji na helikopta huharibika kirahisi: mnunuzi anadhani ananunua safari, mzabuni anajua anauza utayari, na pengo lililo kati yao halionekani kwenye makaratasi mpaka siku mtu anapozama.

Hatua zinazofuata nimeziandika kwa ajili ya afisa ununuzi na mjumbe wa kamati ya tathmini. Diwani, mwandishi wa habari au mwananchi anayefuatilia anaweza kuzigeuza zikawa maswali, na nadhani zitamfaa zaidi zikiwa hivyo.

Hatua ya 1: Tenganisha dharura ya uokoaji na dharura ya ununuzi

Moto hauna ratiba, lakini mkataba wa zimamoto unayo. Tarehe ya kuisha kwake ilijulikana siku ulipotiwa saini. Hata hivyo, kisingizio kinachosikika sana katika eneo hili ni kwamba "hili ni suala la maisha ya watu, hatuna muda wa kushindanisha", na mara nyingi kinatolewa wiki tatu kabla ya mkataba wa zamani kufa. Anayenufaika ni mtoa huduma aliyepo, ambaye anaongezewa muda kwa bei anayoitaka.

Sheria za ununuzi karibu kila mahali zinaruhusu kununua kwa mzabuni mmoja bila ushindani pale penye dharura. Sharti ndilo watu huruka kulisoma. Kwa mfano, agizo la ununuzi wa umma la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 linataka dharura iwe imetokana na tukio ambalo mnunuzi asingeweza kulitabiri, na isiwe imesababishwa na mnunuzi mwenyewe. Uzembe wa kutotangaza zabuni mapema haupiti hapo. Tetemeko la ardhi linapita.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. La kwanza, rudi nyuma kutoka tarehe ya kuisha kwa mkataba na uhesabu muda wa kuandaa, kutangaza, kutathmini, kusikiliza malalamiko, na muda wa mshindi kununua vifaa na kufundisha watu. Huu wa mwisho ndio unaosahaulika. Uingereza ilipokabidhi uokoaji wa helikopta kwa kampuni binafsi, mkataba ulisainiwa mwaka 2013 na ndege zikaanza kazi 2015. La pili, kwa majanga ya kweli, andaa mapema orodha ya watoa huduma waliokwisha kuchujwa na ambao bei zao zimekubaliwa kabla, ili siku ya mafuriko unaita tu, hubembelezi.

Ikibidi kununua moja kwa moja, ufanye mkataba huo uwe mfupi kadiri inavyowezekana, eleza sababu kwa maandishi, na uichapishe. Dharura inapunguza muda wa kushindanisha, haipunguzi hata chembe ya wajibu wa kusema ulimlipa nani na kiasi gani.

Hatua ya 2: Hesabu mahitaji kabla ya kuandika hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa)

Kusanya kumbukumbu za simu za dharura za angalau miaka mitatu: saa ilipopigwa, eneo, aina ya tukio, muda wa kufika. Kama kumbukumbu ziko kwenye madaftari ya kituo, tuma vijana wakayaingize kwenye kompyuta. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kununua magari kumi mahali panapohitaji sita, au sita mahali panapohitaji kumi.

Kisha fanya hesabu ambayo kila mjumbe wa kamati anapaswa kuijua kwa moyo. Gari moja linalokaa tayari mchana na usiku mwaka mzima linadai saa 8,760 za kazi kwa kila kiti, yaani kila nafasi ya mhudumu ndani yake. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki, ukiondoa likizo, mafunzo na siku za ugonjwa, anakupa saa zipatazo 1,700 kwa mwaka. Gawanya. Kiti kimoja kinataka watu zaidi ya watano, na gari lenye wahudumu wawili linataka zaidi ya kumi. Mzabuni akikuletea gari la saa 24 lenye wafanyakazi sita, ama atawachosha mpaka walale kwenye usukani, ama gari halitakuwepo usiku. Hakuna njia ya tatu. Hesabu hii ya mistari minne imewahi kunifungua macho kuhusu zabuni iliyokuwa imefungwa vizuri kwa jalada la rangi na picha za magari yanayong'aa.

Zungumza pia na watakaoitumia huduma hiyo, yaani wapokea simu, madaktari wa mapokezi na waokoaji wenyewe. Uingereza iliwahi kuanzisha mwaka 2004 mradi wa kubadilisha vyumba 46 vya kupokea simu za zimamoto kuwa vituo tisa vya kikanda. Vikosi vya zimamoto vya maeneo havikuwahi kuukubali. Ulifutwa Desemba 2010, na mwaka uliofuata ofisi ya ukaguzi ya taifa ikakadiria kwamba si chini ya pauni milioni 469 zilikuwa zimepotea. Miongoni mwa sababu ambazo wakaguzi walizitaja ni hiyo ya kutowashirikisha wenye kazi.

Hatua ya 3: Pima kufika, na pima mkia

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Kwanza, saa inaanza kuhesabu lini? Simu ilipopokelewa, gari lilipoambiwa litoke, au gurudumu lilipoanza kuzunguka? Na inasimama lini, getini, au muokoaji anapomgusa mgonjwa kwenye ghorofa ya nane? Kati ya tafsiri ya upole kuliko zote na ile kali kuliko zote panaweza kuwa na dakika kadhaa. Usipoandika, mtoa huduma atachagua tafsiri inayompendeza, na hatakuwa amevunja mkataba.

Pili, usikubali wastani peke yake. Chukua simu kumi: nane zimefikiwa kwa dakika 4 kila moja, mbili kwa dakika 34. Wastani ni dakika 10, na ripoti ya robo mwaka itasomeka vizuri kabisa. Wale wawili wa dakika 34 hawamo ndani yake. Ndiyo maana huduma ya magari ya wagonjwa ya England hutumia vipimo viwili kwa simu za hatari zaidi: wastani wa dakika 7, na pamoja nao dakika 15 kwa simu tisa kati ya kumi. Kipimo cha pili kinamlazimisha mtoa huduma kuangalia mkia wa foleni.

Lakini hata hicho kinaacha simu moja ya kumi gizani, na mtoa huduma mjanja anajua ni ipi ya kuiacha: ile ya kijiji cha mbali, ambako safari moja inamfungia gari kwa saa mbili. Kwa hiyo weka kipimo kwa kila eneo, usijumlishe mjini na vijijini kwenye kapu moja. Kisha dai orodha ya kila simu iliyovuka kikomo fulani, pamoja na maelezo ya nini kilitokea. Orodha hiyo isomwe na mtu. Nimeona mikataba inayodai ripoti hii na ofisi ambazo hazijawahi kufungua faili lake.

Tatu, eleza kazi inayotakiwa, usieleze mashine. Ukiandika jina la modeli ya helikopta, au sifa ambayo ni modeli moja tu inayo, umeshamchagua mshindi. Andika kwamba chombo kiweze kufika umbali fulani kutoka pwani, kibaki hapo dakika kadhaa, kichukue majeruhi idadi fulani, usiku na kwenye upepo wa kiasi fulani, na kirudi. Mzabuni atafute mwenyewe atakifanyaje. Na angalia vigezo vya uzoefu. "Miaka kumi ya kutoa huduma hii katika mkoa huu" ni sentensi inayomfaa mtu mmoja duniani.

Hatua ya 4: Panga malipo yafuate utayari

Ukilipa kwa kila safari, utapata safari. Watu wasiohitaji hospitali watabebwa, na gari litakuwa njiani kuelekea kupata malipo wakati mwenye uhitaji anasubiri. Ukilipa kiasi kimoja cha mwezi bila masharti, kila simu inageuka kuwa gharama kwa mtoa huduma, na atatafuta sababu za kutokwenda.

Mchanganyiko unaofanya kazi ni huu: sehemu kubwa ya malipo iende kwa saa za utayari zilizothibitishwa (gari liko kituoni, lina wahudumu wenye sifa, vifaa vimekamilika), na sehemu ndogo ifuate matumizi halisi, hasa mafuta na dawa. Saa ambayo gari halikuwepo isilipwe. Isiitwe adhabu, kwa sababu neno adhabu hufungua mlango wa mabishano ya wanasheria. Ni huduma ambayo haikutolewa, basi.

Adhabu ziwepo kwa kushindwa kufika, na ziwe za ukubwa wa kuuma bila kuua. Zikiwa ndogo, mtoa huduma anaziingiza kwenye bei yake kama anavyoingiza matairi. Zikiwa kubwa mno, hakuna ofisa atakayethubutu kuzitoza kwa kuogopa kuiangusha kampuni pekee yenye magari.

Hatua ya 5: Wape wote taarifa anazozijua mmoja

Mtoa huduma aliyepo anajua ni barabara ipi hufungwa na mvua, simu huongezeka siku gani, kituo kipi kina paa linalovuja, na wafanyakazi wangapi watastaafu mwakani. Mgeni hajui, kwa hiyo anaweka bei ya woga au hashiriki kabisa, na mwenyeji anashinda bila kushindanishwa. Kumbukumbu ulizokusanya katika hatua ya pili zichapishe zote pamoja na tangazo la zabuni, baada ya kuondoa majina na anwani za wagonjwa. Eleza pia hatima ya wafanyakazi na vituo vilivyopo. Maswali yajibiwe kwa maandishi, na jibu liende kwa wote.

Kuna wakati sheria yenyewe inaruhusu ushindani usifanyike. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotokana na zabuni ya jiji la Solingen nchini Ujerumani, iliamua kwamba huduma ya kumhudumia mgonjwa wa dharura ndani ya gari la uokoaji inaweza kukabidhiwa mashirika yasiyolenga faida bila kufuata taratibu za kawaida za zabuni. Sina ugomvi na hilo. Uokoaji baharini kwenye pwani za Uingereza na Ayalandi umebebwa na shirika la hisani tangu 1824, na kwa sehemu kubwa kwa michango ya watu. Ila pale ambapo bei haikupimwa na soko, hesabu za ndani lazima zifunguliwe: mishahara ya uongozi, gharama za magari, ziada inakokwenda.

Hatua ya 6: Tathmini kana kwamba utaulizwa

Tarehe 26 Oktoba 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kuelekeza magari. Ndani ya saa chache mfumo ukapoteza hesabu ya magari yalipo, simu zikarundikana, gari mbili zikatumwa tukio moja na tukio jingine likakosa. Siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, ukazima kabisa na wafanyakazi wakarudi kwenye karatasi. Uchunguzi uliotolewa mwaka uliofuata ulirudi mpaka kwenye zabuni. Mshindi alikuwa wa bei ya chini kuliko wote, chini ya pauni milioni 1, kwa pengo kubwa, na taratibu za ununuzi zilikuwa zimeweka bei mbele. Wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba kuna aliyeuliza kwa dhati: kwa nini huyu ni rahisi kiasi hiki?

Swali hilo liwe la lazima kwenye utaratibu wako. Bei ikiwa chini sana ya makadirio yako, mwandikie mzabuni umtake aioneshe kwa mchanganuo, ukianzia na watu wangapi kwa kila kiti. Majibu yasiyosimama yamwondoe. Na jibu likisimama, mpe kazi. Kuna watu kweli wanaofanya kazi vizuri kwa bei nafuu, na kuwakataa kwa hofu nako ni kupoteza fedha za umma.

Uzito wa bei na ubora uchapishwe kabla, pamoja na kanuni ya kukokotoa alama. Kuna mtego hapa ambao wajumbe wengi hawauoni. Kamati inaamua ubora uwe asilimia 70 na bei 30, wote wanafurahi kwamba bei haitatawala. Halafu ubora unapimwa kwa maswali ya ndiyo au hapana: una leseni? Una bima? Una mpango wa mafunzo? Wazabuni wote wanapata 66 au 67 kati ya 70. Tofauti pekee iliyobaki ni bei, na bei imeamua kila kitu huku karatasi ikisema vinginevyo. Pima ubora kwa vitu vinavyotofautisha watu: ratiba halisi ya zamu, ramani ya vituo na muda wa kufika kila kata, mpango wa gari likiharibika saa tisa usiku, zoezi la vitendo mbele ya wataalamu.

Kila mjumbe aandike alama zake peke yake kwanza, pamoja na sababu, ndipo mkutane. Alama zikibadilishwa mezani, iandikwe nani alibadilisha na kwa nini. Mwenyekiti asiongee wa kwanza. Inasikika kama jambo dogo, lakini nimekaa kwenye kamati ambayo mkubwa alifungua kikao kwa kusema "hawa jamaa nawafahamu, ni wazuri", na baada ya hapo hapakuwa na tathmini, palikuwa na chai.

Mgongano wa maslahi katika sekta hii una sura yake ya pekee. Wataalamu wa uokoaji ni wachache na wanafahamiana: aliyeandika hadidu za rejea jana alikuwa mwajiriwa wa mzabuni mmoja, na kesho huenda akaajiriwa na mwingine. Februari 2011 serikali ya Uingereza ilisitisha zabuni ya helikopta za uokoaji iliyokuwa imeshafika kwa mzabuni aliyependekezwa, baada ya mzabuni huyo kukiri kwamba alikuwa amepata taarifa nyeti za kibiashara, huku kukiwa na ushahidi kwamba mtu aliyewahi kuwa kwenye timu ya mradi ya serikali alikuwa amemsaidia kuandaa zabuni. Weka tamko la maslahi kwa kila anayegusa nyaraka, weka muda wa kukaa pembeni kabla ya kuhamia kwa mzabuni, na dai majina ya wamiliki halisi wa kila kampuni. Kampuni tatu zinazoshindana huku mwenye nazo akiwa mmoja hazishindani.

Hatua ya 7: Chapisha, tena bila kusubiri kuombwa

Matokeo yatangazwe pamoja na alama za kila mzabuni na sababu, kisha mkataba usisainiwe mpaka siku za kusubiri malalamiko ziishe. Baada ya hapo mkataba wenyewe utoke hadharani, na viambatisho vyake, maana bei na vipimo hujificha kwenye viambatisho.

Slovakia ilifanya jambo ambalo ninalipenda kwa ukali wake: tangu Januari 2011 mkataba wa umma hauanzi kufanya kazi mpaka uchapishwe mtandaoni, na usipochapishwa ndani ya miezi mitatu unahesabiwa kuwa haukuwahi kufungwa. Ghafla mtoa huduma ndiye anayempigia simu ofisa kumhimiza achapishe. Ukraine nayo, tangu 2016, imepitisha zabuni zake kwenye mfumo wa kielektroniki wa Prozorro, ambako mtu yeyote anaweza kufuata zabuni kuanzia tangazo hadi mkataba.

Utaambiwa "siri ya biashara". Mjibu kwa kumtaka aweke alama kwenye mstari mmoja mmoja anaotaka ufichwe na aeleze utamdhuru vipi. Wengi huishia mistari michache. Vinavyostahili kufichwa kweli ni taarifa za wagonjwa, anwani za wafanyakazi, na mambo ya usalama kama namba za siri za mawasiliano. Jumla ya malipo, bei ya saa moja ya utayari na muda wa kufika havimo.

Hatua ya 8: Simamia kama mwenye mali

Takwimu za mahali gari lilipo na saa lilipofika ziwe mali ya mnunuzi, ziingie kwenye seva yake moja kwa moja. Mtoa huduma anayejipimia mwenyewe hufaulu kila mwezi. Linganisha saa za kufika na kumbukumbu za hospitali na za polisi. Tuma mkaguzi kituoni bila taarifa, usiku wa sikukuu ikiwezekana, ahesabu watu, afungue mtungi wa oksijeni, aangalie tarehe za dawa. Matokeo ya kila eneo yachapishwe kila mwezi, yakiwa mabaya au mazuri.

Nyongeza za mkataba zichungwe kama zabuni mpya. Bei ya ushindi inaweza kuwa ya chini kwa makusudi, faida ikisubiriwa kwenye "mabadiliko madogo" ya mwezi wa nne. Kila nyongeza ichapishwe ikiwa na jumla mpya kando ya jumla ya awali.

Na andika mapema kitakachotokea kampuni ikifilisika usiku wa manane. Dhamana ya utekelezaji ni pesa benki, haimtoi mtu kwenye gari lililopinduka. Unahitaji kifungu kinachokupa haki ya kuchukua magari, vituo na wafanyakazi siku hiyohiyo na kuendelea na kazi, na unahitaji kukijaribu kwa zoezi angalau mara moja. Kifungu hichohicho kitakusaidia mkataba ukiisha kwa amani, kwa sababu mtoa huduma anayemiliki kila kituo na kila redio hatoki, hata akishindwa zabuni. Kwa hiyo siku ya kusaini, kabla hamjanyanyuka mezani, fungua kalenda na uandike tarehe ya kuanza kuandaa zabuni ijayo, na jina la atakayeulizwa isipoanza.